Misonobari ya Waapache na Moto wa 2002

Tarehe 22 Juni 1929, katika mji mdogo wa Show Low, jimbo la Arizona, vijana wawili wa akiolojia, Emil Haury na Lyndon Hargrave, walifukua gogo lililoungua likawa mkaa. Walilipa namba HH-39. Lilikuwa limelala kwenye magofu ya nyumba za watu wa kale, na kwa kuwa mkaa hauozi, pete zake za ukuaji zilikuwa bado zinasomeka. Aliyezitafuta pete hizo, A. E. Douglass, alikuwa mwanafalaki. Alianza kuhesabu pete za miti akitumaini kuona ndani yake athari za madoa ya jua, na kazi hiyo ikampeleka mbali na nyota. Mkononi alikuwa na mifululizo miwili ya pete: mmoja ulianzia kwenye miti hai ukirudi nyuma, mwingine ulitoka kwenye mihimili ya magofu na hakuna aliyejua ulianzia mwaka gani. Gogo la Show Low, ambalo pete zake zilirudi hadi mwaka 1237, liliunganisha mifululizo hiyo. Tangu siku ile magofu ya kusini-magharibi mwa Marekani yakawa na tarehe.

Namtaja Douglass kwa sababu mbili. Elimu aliyoiasisi ndiyo iliyokuja kueleza jinsi moto na misitu ya eneo lile vilivyoishi pamoja kwa karne nyingi. Na mji huohuo wa Show Low ndio uliohamwa na wakazi wake mwezi Juni 2002, ulipokuwa ukikaribiwa na moto mkubwa kuliko wowote uliokuwa umewahi kuandikwa katika jimbo la Arizona hadi wakati huo.

Show Low umekaa juu ya Ukingo wa Mogollon, genge refu linalozitenga nyanda za juu za kaskazini na majangwa ya kusini. Ukishuka kusini ya hapo unaingia ardhi ya kabila la White Mountain Apache, ijulikanayo kwa jina la kambi ya jeshi iliyojengwa humo: Fort Apache. Serikali ya Marekani iliitenga ardhi hiyo katika miaka ya 1870, na mwaka 1897 ikaigawa, sehemu ya kusini ikawa San Carlos. Fort Apache iliyobaki ina takriban ekari milioni 1.6, na sehemu zake za juu zinatawaliwa na mti mmoja, msonobari wa ponderosa.

Msonobari huu ukizeeka, gome lake hunenepa na kugeuka rangi ya chungwa, na matawi ya chini hukauka yakadondoka. Moto wa majani unapopita chini yake huubabua upande mmoja wa shina, kisha huendelea na safari. Mti hupona, lakini kovu hubaki ndani ya pete ya mwaka ule. Watafiti wa maabara ya pete za miti aliyoianzisha Douglass mjini Tucson mwaka 1937 wamesoma makovu hayo kwa maelfu, na karibu kila mlima unasimulia mambo yaleyale. Moto ulipita kila baada ya miaka michache. Mahali pengine miaka 2 au 3, kwingine 10 au zaidi kidogo. Ulikuwa moto wa chini, wa nyasi na majani makavu ya misonobari, unaoua miche dhaifu na kuiacha mikubwa. Radi za kiangazi ziliwasha mingi, na watu waliwasha mingine, kwa kuwa Waapache walijua ni nyasi zipi na mbegu zipi za kuliwa huja vizuri baada ya moto. Msitu uliotokana na hali hiyo ulikuwa wazi, miti mikubwa ikisimama mbalimbali na nyasi zikijaa katikati. Kuanzia miaka ya 1880, makovu yanakoma karibu kwa mpigo mmoja.

Chanzo cha kukoma huko hakikuwa zimamoto. Ilikuwa mifugo. Reli ilifika kaskazini mwa Arizona mwanzoni mwa miaka ya 1880, na nyuma yake yakaja makundi makubwa ya kondoo na ng'ombe waliozila nyasi hadi kwenye udongo. Moto ukakosa cha kuubeba. Baadaye ikaja sera. Mnamo Agosti 1910 moto uliteketeza takriban ekari milioni 3 katika majimbo ya Idaho na Montana kwa muda wa siku mbili, ukaua watu zaidi ya 80, wengi wao wakiwa wazima moto. Idara ya Misitu ya Marekani, iliyokuwa na umri wa miaka 5 tu, ilitoka katika msiba huo ikiwa na imani moja: moto ni adui, uzimwe popote utakapoonekana. Mwaka 1935 imani hiyo ikawa amri. Kila moto ulipaswa kudhibitiwa kabla ya saa 4 asubuhi ya siku inayofuata kuripotiwa kwake.

Matokeo yake yalichukua miaka kuonekana, kwa sababu mwanzoni yalionekana kama neema. Mwaka 1919, mvua nzuri za masika zilikutana na mbegu nyingi zilizozaliwa mwaka uliotangulia, na maotea ya ponderosa yakatokeza kwa wingi usio wa kawaida kaskazini mwa Arizona. Zamani moto ungepita mara kadhaa na kuacha miche michache. Safari hii haukupita. Mahali palipokuwa na miti mikubwa makumi kwa ekari, pakaja kuwa na mashina mamia kwa mamia, membamba, yamebanana, matawi makavu yakishuka hadi chini, na majani yaliyodondoka kwa miongo yakiwa yamelala kama godoro. Ilikuwa ngazi tayari ya kuupandisha moto kutoka ardhini hadi vileleni.

Mmoja wa watu wa kwanza kuliona jambo hili na kulisema hadharani alikuwa bwana misitu aliyeitwa Harold Weaver. Hakufanya kazi Idara ya Misitu. Aliajiriwa na Idara ya Mambo ya Wahindi, iliyosimamia ardhi za makabila ya wenyeji asilia, na alifundishwa kama wenzake wote kwamba moto ni uharibifu mtupu. Kilichombadilisha ni visiki. Katika misitu ya makabila ya Oregon na Washington aliona makovu yaleyale yaliyorundikana kwenye shina moja, akajiuliza mti uliounguzwa mara nyingi hivyo umewezaje kufika miaka 300 ukiwa na afya, ilhali miche inayolindwa pembeni yake imedumaa. Mwaka 1942 alianza majaribio ya kuchoma kwa makusudi katika ardhi ya makabila ya Colville, jimbo la Washington. Mwaka uliofuata alichapisha makala katika jarida la wataalamu wa misitu, akieleza kwamba msonobari wa ponderosa unauhitaji moto. Makala hiyo ilitoka na angalizo kwamba hayo ni mawazo ya mwandishi mwenyewe, si msimamo wa idara yake. Angalizo hilo peke yake linatosha kuonyesha jinsi alivyokuwa peke yake.

Mwishoni mwa miaka ya 1940 Weaver alihamishiwa Arizona, na huko Fort Apache yeye na bwana misitu Harry Kallander wakaanza kuchoma maeneo makubwa. Walisubiri majira ya kupukutika majani, mvua za kiangazi zikiwa zimeshapita na usiku ukiwa wa baridi, ili unyevu wa jioni uushushe moto wenyewe. Miali ilikwenda polepole, haifiki kiunoni. Wafugaji nyuki wa Tabora na Katavi, wanaochoma nyasi mapema kabla kiangazi hakijakomaa, wanaielewa hesabu hii bila kuelezwa. Moto utakuja tu. Linaloweza kuchaguliwa ni siku yake.

Weaver hakuwa mkombozi wa Waapache, na isisomwe hivyo. Katika miaka hiyo magogo ya kabila yaliuzwa chini ya usimamizi wa maofisa wa serikali, na wenye ardhi waliulizwa kidogo sana. Moto ambao wazee wao waliutumia ulirudishwa msituni kwao na mzungu mwenye kibali, baada ya wao kunyimwa ruhusa ya kuutumia. Hata hivyo ukweli wa kihistoria ni huu, nami nadhani haujapewa uzito unaostahili: wakati misitu ya taifa iliyopakana nao ilikuwa bado chini ya amri ya saa 4 asubuhi, ambayo Idara ya Misitu iliiacha rasmi mwaka 1978, ardhi ya Waapache ilikuwa tayari na miaka 30 ya kuchomwa kwa utaratibu. Haikuchomwa yote, wala si kila mwaka. Fedha zilipungua, maofisa wakabadilika, sehemu nyingi zikarukwa. Lakini kulikuwa na ramani ya mahali palipochomwa, na ramani hiyo ilikuja kuwa ushahidi.

Mwaka 2002 ulikuta Arizona katika ukame mkali. Tarehe 18 Juni moto uliwashwa karibu na uwanja wa rodeo wa Cibecue, kijiji cha Waapache upande wa magharibi wa ardhi yao. Aliyeuwasha alikuwa kijana wa hapohapo, mzima moto wa msimu, aliyekiri baadaye kwamba alitaka kazi ya kuuzima. Alihukumiwa miaka 10 jela. Mtu anaweza kumlaumu, na sheria ilimlaumu; lakini mahali ambapo ajira ni adimu kiasi cha msitu unaoungua kuwa mshahara, lawama haiishii kwa kijana mmoja. Siku mbili baadaye mgeni aliyepotea porini aliwasha moto wa pili karibu na kilima cha Chediski ili helikopta imwone. Aliokolewa. Moto wake haukuzimika, na tarehe 23 Juni mioto hiyo miwili ikaungana.

Ulipodhibitiwa tarehe 7 Julai, Rodeo-Chediski, kama ulivyoitwa, ulikuwa umepita juu ya ekari zaidi ya 468,000. Ni eneo kubwa kuliko kisiwa chote cha Unguja. Takriban watu 30,000 walikuwa wamehama makazi yao, na zaidi ya majengo 400 yalikuwa yameteketea, mengi katika miji iliyo juu ya Ukingo wa Mogollon. Kamera za televisheni zilikaa huko juu. Ila zaidi ya nusu ya eneo lililoungua lilikuwa ardhi ya Waapache, na pamoja nalo mbao ambazo kwa miongo zilikuwa mshahara wa kabila na mtaji wa kiwanda chao. Kabila lilimshtaki mgeni yule katika mahakama yake lenyewe, naye akapinga mamlaka ya mahakama hiyo hadi mahakama ya rufaa ya shirikisho, ambayo mwaka 2009 ilisema sharti kwanza asikilizwe na mahakama ya kabila.

Moshi ulipotulia, ardhi iliyobaki haikuwa jivu tupu. Kulikuwa na mabonde meusi kabisa, kilomita baada ya kilomita ya nguzo za mkaa, na katikati yake maeneo ambako miti mikubwa ilisimama na vilele vya kijani. Mwaka 2005 Mark Finney na wenzake walichapisha utafiti uliolinganisha picha za satelaiti na ramani za kuchoma za Fort Apache. Palipokuwa pamechomwa kwa makusudi katika miaka iliyotangulia, moto wa 2002 uliua miti kidogo zaidi. Kinga hiyo ilipungua kadiri miaka ilivyopita tangu kuchomwa, na ilikuwa imara zaidi pale palipochomwa eneo kubwa na kurudiwa. Miaka miwili baadaye Barbara Strom na Peter Fulé, waliokwenda kupima miti kwa mikono, walionyesha jambo hilohilo katika viwanja vilivyopunguzwa miti na kuchomwa kwenye ardhi hiyo ya kabila. Wazo ambalo mwaka 1943 lilichapishwa kwa angalizo lilikuwa sasa limepimwa na moto wenyewe.

Hapa ndipo suala la msitu kuota upya linapoingia, na ndipo watu wengi wanapokosea. Inadhaniwa kwamba baada ya moto msitu utarudi tu, kwa kuwa miti iko mingi na muda uko mrefu. Kwa miti mingine ni kweli. Mwaloni wa Gambel huungua juu na kuchipua kutoka mizizini mwaka uleule. Kichaka cha manzanita huota kwa wingi kutoka kwenye mbegu zilizolala udongoni zikisubiri joto. Mtarakwa wa kule, wenye gome kama ngozi ya mamba, nao huchipua. Ponderosa hauwezi lolote kati ya hayo. Haurudi kwenye kisiki. Hauweki akiba ya mbegu ardhini, wala koni zake hazijifungi kwa utomvu zikisubiri moto kuzifungua, kama zifanyavyo koni za misonobari mingine ya kaskazini. Mbegu zake huchukua miaka miwili kukomaa, huzaliwa kwa wingi katika miaka michache tu, hupendwa na panya na ndege, na ni nzito. Nyingi huangukia karibu na mama yake. Ukivuka mita 200 kutoka kwenye mti hai, zinazofika ni chache mno, na hizo chache bado zinahitaji udongo ulio wazi na mvua iliyokuja kwa wakati.

Kwa hiyo, katikati ya doa kubwa lililoungua kabisa, ponderosa hauna njia ya kurudi. Mialoni na manzanita hushika ardhi, na ukija moto mwingine, wao ndio watakaochipua tena. Makadirio ya Strom na Fulé yalionyesha kwamba sehemu ambazo hazikuwa zimeshughulikiwa kabla ya 2002 zingeweza kubaki vichaka kwa vizazi kadhaa, huku zile zilizoshughulikiwa zikiendelea kuwa msitu wa misonobari. Kristen Shive na wenzake waliporudi miaka kadhaa baadaye kuvipima tena viwanja, tofauti kati ya palipotunzwa na pasipotunzwa ilikuwa ingali inaonekana. Kazi ya kuotesha upya ilikuwa imefanyika kabla ya moto, na watu waliochoma majani makavu katika miaka ya 1980 na 1990 walikuwa wakihifadhi miti mama bila kujua ni mwaka gani itahitajika.

Baraza la kabila halikukaa kusubiri. Msonobari uliokufa kwa moto huingiliwa na mbawakawa, na ukungu huzitia mbao zake rangi ya buluu. Baada ya mwaka mmoja au miwili thamani yake imeporomoka. Waapache waliingia kwenye magogo yaliyoungua mapema, wakati upande wa pili wa mpaka, katika msitu wa taifa, kazi kama hiyo ilicheleweshwa na taratibu na mabishano ya kisheria. Kuna wanaikolojia wanaosema, kwa hoja nzito, kwamba kuvuta magogo kwenye udongo uliotoka kuungua huuchubua na kuua maotea. Ni hoja ya kupimwa mahali kwa mahali. Kwa jamii iliyopoteza mapato ya miongo kwa wiki tatu, kuyaacha magogo yaoze lilikuwa shauri ambalo ni rahisi kulitoa ukiwa mbali.

Baada ya moto huja maji. Mteremko usio na majani wala mizizi hauishiki mvua, na mvua za Julai na Agosti za Arizona hupiga kwa nguvu. Chemchemi ya White Spring karibu na Cibecue, ambayo watu wa kijiji huiheshimu na kuchota maji yake, ilifukiwa na kuchimbuliwa na mafuriko yaliyoshuka kutoka vilima vilivyoungua. Wafanyakazi wa kabila, mwanaikolojia Jonathan Long na vijana wa shule walipanga mawe kwenye mkondo ili kuvunja kasi ya maji, na wakapanda majani ya asili kwenye kingo. Katika historia nzima ya Rodeo-Chediski hii ni kazi ndogo kwa eneo, lakini mimi naihesabu kati ya zilizo muhimu. Mradi ulianza pale ambapo wazee walisema uanze, kwa sababu wanazoziona wao, na watoto wa Cibecue wakajifunza uganga wa mkondo kwa mikono yao.

Jaribio la pili lilikuja mwaka 2011. Tarehe 29 Mei moto wa kambi ulioachwa bila mtu katika pori la Bear Wallow, mashariki mwa Fort Apache, ulitoroka. Moto huo, Wallow, ulikwenda hadi kupita ekari 538,000 na kuivunja rekodi ya Rodeo-Chediski. Ulipofika mpaka wa Waapache ulikuta ukanda uliopunguzwa miti na kuchomwa, ukashuka kutoka vileleni, na wazima moto wakapata mahali pa kusimama. Sehemu ya ardhi ya kabila iliyoungua ilikuwa ndogo mno ukilinganisha na ukubwa wa moto wenyewe.

Sheria nazo zimesogea. Baada ya mioto ya California ya 2003, iliyovuka kutoka ardhi za serikali na kuingia kwenye ardhi za makabila, Bunge la Marekani lilipitisha mwaka 2004 Sheria ya Ulinzi wa Misitu ya Makabila. Sheria hiyo inaliruhusu kabila kuomba kufanya kazi ya kupunguza miti na majani makavu hata nje ya mpaka wake, katika msitu wa serikali unaolitishia. Waapache wa White Mountain wanapakana na msitu kama huo kwa masafa marefu.

Fedha ndizo hazijasogea. Sheria ya mwaka 1990 kuhusu misitu ya makabila iliagiza tathmini huru ifanywe kila baada ya miaka 10. Tathmini nne zimeshatolewa, mwaka 1993, 2003, 2013 na 2023. Kila mara wataalamu waliandika kwamba makabila hufanya kazi nzuri kwa fedha kidogo, na kwamba kwa kila ekari hupata sehemu ndogo tu ya kile kinachopewa misitu ya taifa. Kwa hesabu zao, mara nyingi ni kama theluthi moja. Serikali hiyohiyo ndiyo mdhamini wa ardhi hizo kisheria, na ndiyo iliyojifunza huko Colville na Fort Apache namna ya kuishi na moto. Inawajibika kulipa gharama ya kuchoma ekari za Waapache kwa kiwango kilekile inachojilipa yenyewe upande wa pili wa mpaka, na hadi tathmini ya 2023 ilikuwa haijafanya hivyo.